Rezistansi, bimetali na fyuzi za frigo kutoka soko la Kenya, Lubumbashi

Nilinunua vipuri hivi vitatu vya kuyeyusha barafu ndani ya frigo, na kwa wenye haraka, hukumu yangu ni hii: rezistansi, ule waya unaopata moto, ni nzuri, nunueni. Fyuzi ni nzuri pia. Bimetali, ile swichi inayofuata baridi na joto, msitoe makuta kabla ya kuipima, maana ya kwanza niliyopewa ilikuwa mfu ingali ndani ya kifuko chake. Nyaya zake ni fupi mno. Na muuzaji, kijana mwenye meza ya vipuri vya frigo na mashine za kufulia katika soko la komini (wilaya ya mji) ya Kenya, nitamtetea mbele ya mtu yeyote.

Ila kabla hamjanunua chochote, hakikisheni kwanza kwamba ugonjwa wa frigo yenu ni huu niliotibu mimi. Akina mama wengi hapa Lubumbashi wanalipia gesi ambayo frigo haikuihitaji, baada ya muda baridi inapotea tena, wanalipia gesi tena. Jambo hili linaniuma, kwa sababu pesa hiyo ni ada ya mtoto au ni mtaji wa karanga.

Mimi ninauza thomson, wale samaki wa kugandishwa, na maziwa ya kuganda nyumbani kwangu, Katuba. Frigo yangu ni ya milango miwili, ya okazioni, yaani iliyokwisha tumika, aina ile ya nofrosti: juu frizeri, chini baridi ya kawaida. Shida ilianzia chini. Samaki juu wanaganda vizuri kabisa, chini maziwa yanachacha kabla ya wateja wa jioni hawajafika. Halafu feni ikaanza kukwaruza, krr, krr, usiku kucha. Mwishoni ikanyamaza, na bamba la plastiki lililo nyuma ya frizeri likaota ukungu mweupe na kuvimba kidogo katikati.

Fundi wa kwanza alifika, akagusa kompresa, akafungua mlango wa chini, akasema, “Mama, gazi imeisha. Ni dola 40, najaza leo leo.”

Nikamwambia, “Papa, samahani. Kama gesi imeisha, barafu hii yote nyuma ya bamba inatoka wapi?”

Akasema ni ya zamani. Nikamshukuru, nikampa nauli ya taksi-basi, tukaagana kwa amani. Mimi nilifundishwa umeme kwenye shule ya ufundi, na ingawa maisha yalinipeleka kwenye samaki, elimu ile haikutoka kichwani.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo pesa zinapookolewa. Nyuma ya lile bamba kuna mabomba membamba ya aluminiamu yenye mapezi, ndiyo yanayoleta baridi. Fungua skrubu, toa bamba, uangalie barafu imekaa vipi. Gesi ikipungua, barafu hukusanyika upande mmoja tu, pale gesi inapoingilia, na mabomba mengine yanabaki makavu, pengine hata ya vuguvugu. Lakini ukikuta barafu imefunika mabomba yote, juu hadi chini, kushoto hadi kulia, nene, nyeupe, basi mabomba yote yanapata baridi. Usiiguse gesi. Kilichokufa ni mfumo wa kuyeyusha barafu. Barafu hiyo inafunika mabomba kama blanketi, feni haina pa kupitishia hewa, na kwa kuwa chini kunapata baridi kwa hewa inayosukumwa na feni kutoka juu, chini ndiko kunakoumia kwanza.

Yangu ilikuwa imefunikwa yote. Hata feni ilikuwa imeshikwa na barafu.

Frigo ya nofrosti kwa kawaida hujiyeyushia barafu yenyewe, bila sisi kujua. Kuna taimeri, kisanduku kidogo chenye mota ndani, inayohesabu saa ambazo frigo imekaa kwenye umeme. Kila baada ya saa kadhaa, 6, 8, 10 au 12 kutegemea taimeri, inazima kompresa na feni, inapeleka umeme kwenye rezistansi iliyo chini ya mabomba, kwa muda wa kama dakika 20 hadi 30. Barafu inayeyuka, maji yanateremka kwenye tundu, yanapita mrijani hadi kwenye sinia dogo juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Bimetali imebanwa kwenye bomba: kukiwa na baridi kali inaruhusu umeme uende kwenye rezistansi, mabomba yakipata joto inakata. Fyuzi ya joto ndiyo mlinzi wa mwisho: joto likizidi, inakatika. Kimoja tu katika hivi kikifa, barafu inajenga ukuta.

Taimeri niliipima kabla ya kuyeyusha chochote, na huo ndio utaratibu sahihi, kwa sababu bimetali ikishapata joto inakata na huwezi kujua lolote tena. Kwenye taimeri kuna kijitundu cha kuingizia turnevisi (bisibisi). Unazungusha polepole kuelekea mshale wa saa, upande huo tu, hadi usikie “ta!”. Kompresa yangu ikazima. Nikatega sikio kwenye frizeri nisikie maji yakianza kuchuruzika au barafu ikipasuka. Kimya. Baada ya muda wake kompresa ikawaka yenyewe. Kwa jinsi frigo yangu ilivyofungwa nyaya, hiyo ina maana mota ya taimeri ni nzima, na umeme ulipopelekwa kwenye rezistansi hakuna kilichopata moto. Kwa hiyo taimeri sikununua. Wengine wanauziwa vitu vyote vinne kwa pamoja, wakati kimoja kilitosha.

Kuyeyusha: ondoa plagi ukutani, usiamini swichi. Mimi niliweka masufuria ya maji ya moto ndani ya frizeri, nikafunga mlango nusu, mataulo chini, na kila maji yakipoa nabadilisha. Kazi hii inahitaji subira, na subira hiyo ni rahisi kuliko frigo mpya. Kisu hapana. Narudia, kisu hapana, wala turnevisi, wala kijiko. Aluminiamu ile ni laini, ukiitoboa gesi inatoka kweli, na hapo fundi wa gesi atakuwa amepata haki yake. Moto pia hapana. Angalia karatasi iliyobandikwa kwenye kompresa au ndani ya frigo: ikisomeka R600a, gesi hiyo inawaka. Yangu ni R134a, ambayo haiwaki hivyo, lakini hata hiyo sikuisogezea moto.

Barafu ilipokwisha nilichomoa nyaya za rezistansi nikaweka multimetri (kipima umeme) ndogo ya njano, ile inayouzwa kila mahali, kwenye alama ya omu, 2000. Ikaonyesha 1 peke yake upande wa kushoto. Waya umekatika ndani. Fyuzi ilipitisha vizuri. Bimetali niliitilia shaka kwa sababu mfuniko wake ulikuwa umevimba na kupasuka, na maji yakiingia mle haina maisha. Fyuzi nayo ilikuwa kwenye nyaya hizo hizo na imezeeka, nikaona heri nibadilishe vyote vitatu.

Ndipo nikaenda soko la Kenya.

Meza ya kijana huyu si kubwa. Mzigo wake unapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kama vitu vingi tunavyotumia huku, na umepangwa kwenye makopo ya maziwa ya unga yaliyokatwa. Nilibeba rezistansi yangu ya zamani na kipande cha kamba chenye urefu wa kule inakokaa. Alipima kamba kwanza, kabla hata ya kutaja bei. Kisha akasoma maandishi kwenye ya zamani: volti 220, wati 160. Akanitolea ya wati 160, akakataa kunipa ya wati 250 iliyokuwa karibu na mkono wake, akasema, “Mama, hii itachoma plastiki yako.” Kijana anayejua anachouza.

Hesabu ya kupima rezistansi mpya ni rahisi, ifanyeni pale pale mezani. Volti mara volti, gawa kwa wati. Yaani 220 mara 220 ni 48,400. Gawa kwa 160, unapata kama omu 302. Multimetri yangu ilisoma 306. Safi. Nikapima pia kati ya waya na ganda la aluminiamu: hapo multimetri isionyeshe kitu, maana ikionyesha, umeme utatembea kwenye mwili wa frigo, na mtoto atakayefungua mlango bila viatu ndiye atakayeumia. Haikuonyesha kitu. Ganda limekunjwa vizuri, mipira ya miishoni imebana. Sina lawama kwa rezistansi hii.

Bimetali ndiyo yenye maneno. Kwenye joto la soko, bimetali nzima haipitishi umeme. Ndivyo ilivyoundwa. Kwa hiyo huwezi kuipima hivi hivi, nzima na mfu zinafanana. Inafunga, yaani inaruhusu umeme upite, kwenye baridi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na barafu ya kawaida ndani ya maji haifiki huko, inasimama kwenye 0. Dawa ni chumvi. Nilitoka nyumbani na barafu iliyopondwa ndani ya kibidoni kilichokatwa, nimeifunga kwa kitambaa, na mfuko wa chumvi ya jikoni. Unachanganya, baridi inashuka hadi zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, unaizamisha bimetali ikiwa ndani ya kifuko cha plastiki, nyaya nje, multimetri kwenye alama ya mlio.

Ya kwanza ilikaa mle hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Haikulia. Ya pili baada ya muda mfupi, “ta”, na multimetri ikalia. Nilipoitoa na kuishika mkononi ikakata tena. Hiyo ndiyo ya kununua.

Na hapa ndipo kijana alipopata heshima yangu. Hakubisha. Hakusema chumvi imeiharibu. Alichukua ile mfu, akachukua koleo, akazikata nyaya zake mbele yangu fupi kabisa ili asije akaiuza yeye wala mdogo wake kwa kusahau. Bimetali mfu katika soko letu kwa kawaida inarudi ndani ya kopo na kumngoja mama mwingine. Yeye aliiua mwenyewe, kwa hasara yake. Kisha akawaita wauzaji wa meza za jirani waje waone ile kazi ya chumvi.

Fyuzi ina maandishi ya nyuzi 72, ilipitisha umeme kama inavyotakiwa. Vitu vitatu, baada ya kuongea bei, vilinitoka dola 17. Alikubali nusu kwa faranga.

Lawama yangu kubwa ni nyaya. Ni fupi, kichwa chake cha plastiki hakilingani na cha frigo yangu, na nadhani hakilingani na cha frigo nyingi, kwa hiyo lazima ukate na kuunga. Mahali penyewe panaloa kila siku. Ukiunga kwa utepe mweusi peke yake, maji yataingia na kutu itakula. Nilitumia vibanio vya shaba vya kubana kwa koleo, juu yake ule mrija wa plastiki unaonywea ukipashwa joto, nikaukunja muungo uangalie juu ili maji yasikae. Msichomelee kwa risasi karibu na fyuzi. Joto la chuma cha kuchomelea linapita kwenye waya, fyuzi inaungua kabla haijafanya kazi siku hata moja, kwa kuwa fyuzi hii ikishakatika mara moja haifufuki.

Na tafadhali, fundi akiwaambia fyuzi si lazima, aunge nyaya moja kwa moja, mkatae. Taimeri ikigoma kwenye kuyeyusha na bimetali ikang'ang'ania kufunga siku hiyo hiyo, rezistansi itaendelea kuwaka ndani ya sanduku la plastiki na sponji, usiku, watoto wamelala. Dola 2 za fyuzi zinazuia hilo.

Kitu kingine ambacho rezistansi mpya haikuja nacho ni ulimi wa aluminiamu, kibati chembamba kinachoning'inia kutoka kwenye rezistansi hadi ndani ya tundu la maji ili joto lifike mle. Nilihamisha ule wa zamani. Bila ulimi huo, kwa umeme wetu huu wa kukatika na kurudi, tundu linaziba: umeme ukienda barafu inayeyuka kidogo, maji yanaingia mrijani, umeme ukirudi yanaganda mle mle. Nilisukuma maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano kubwa, bila sindano, hadi nikasikia yanaanguka kwenye sinia la nyuma. Sinia lenyewe nililisafisha, lilikuwa na tope. Halafu mpira wa mlango: weka noti ya faranga 500, funga, vuta. Ikitoka bila kukamatwa, hewa ya unyevu inaingia hapo na kuleta barafu zaidi ya ile rezistansi inayoweza kuimaliza. Wangu ulilegea kwenye kona moja, nikaupasha kwa maji ya moto ukarudi.

Nilifunga vitu hivi kabla ya mvua kuanza, na sasa tuko katikati ya Januari, wakati ambapo Lubumbashi nguo hazikauki na kila mara ukifungua frigo unaingiza unyevu. Huo ndio mtihani wa kweli, si Julai, kiangazi, hewa ikiwa kavu. Bamba la nyuma ni safi. Maziwa chini yanashika baridi. Feni inapuliza kimya.

Ila kuna jambo moja ambalo muuzaji hakulisema na mnapaswa kulijua. Wati zile 160 zimeandikwa kwa volti 220. Jioni mtaani kwetu, watu wote wakiwa wanasonga bukari (ugali) kwenye jiko la umeme, nimepima ukutani nikakuta volti 165. Joto la rezistansi halipungui kwa kiasi kile kile volti zinavyopungua, linapungua zaidi: kwa volti 165 rezistansi ya wati 160 inatoa kama wati 90 tu. Taimeri haijui hilo. Muda wake ukiisha inawasha kompresa, barafu iliyobaki inaganda upya, kesho inaongezeka juu yake. Kwa hiyo frigo inaweza kuwa na vipuri vizima vyote na bado ikajenga barafu taratibu. Njia yangu ni kuizungusha taimeri kwa turnevisi alfajiri, umeme ukiwa na nguvu, ili kuyeyusha kuanzie saa hiyo. Umeme ukikatika taimeri nayo inasimama, kwa hiyo saa zinahama na inabidi kuirekebisha tena. Mwenye uwezo anunue stabilizateri (kifaa cha kusawazisha umeme) nzuri, yenye kuchelewesha umeme dakika chache unaporudi, hiyo itailinda na kompresa pia.

Vipuri hivi si vya kila frigo. Kama yako haina feni ndani na barafu inaonekana wazi kwenye kuta za frizeri, haina rezistansi ya kuyeyusha mabomba, hiyo unazima na kuyeyusha kwa mkono. Na zile mpya zenye kadi ya elektroniki hazina taimeri ya kuzungusha. Kadi ndiyo inayoamua, kwa kusoma kihisi cha baridi. Kijana ana vihisi hivyo pia, sijavijaribu, kwa hiyo sivisifu wala sivilaumu.

Ukienda, mtafute asubuhi kabla msongamano haujaanza. Beba kipuri cha zamani, kamba ya urefu, multimetri yako mwenyewe kwa sababu betri ya kwake imechoka, na barafu yenye chumvi. Omba rezistansi yenye ulimi wa aluminiamu. Aliniahidi kuziulizia kwenye mzigo ujao. Jumapili meza imefunikwa.